Amnesia: The Bunker, gemu inayokufanya uhesabu petroli huku unatetemeka

Kusema ukweli gemu nyingi za kutisha zinachosha kabla hazijatisha. Unatembea kwenye korido, mlango unajifunga wenyewe paa, dude linatokea na mlio mkubwa, unaruka, basi, likija mara ya tatu ushajua litatokea wapi na hofu imeshakwisha, kinachobaki ni usumbufu tu. Amnesia: The Bunker haiko hivyo, na sababu siyo kwamba dude lake ni baya kuliko ya wenzake (ukiliona vizuri kwenye mwanga wala si la kihivyo, nitalirudia hapo chini), sababu ni kwamba hawa jamaa wamekupa vitu vya kuhesabu. Petroli unahesabu, risasi unahesabu, nafasi kwenye begi unahesabu, milango mpaka ulikotoka unahesabu, na hesabu zote hizo unapiga gizani huku kuna kitu kinakwaruza ndani ya ukuta. Hofu ya hii gemu ni hofu ya bajeti, na mimi nadhani ndiyo hofu kali kuliko zote kwa sababu kila ukifa unajua kabisa ni wapi ulitumia vibaya.

Waliotengeneza ni Frictional Games wa Sweden, walewale wa Amnesia: The Dark Descent ya 2010, ile iliyojaza YouTube watu wanapiga kelele mbele ya kamera, PewDiePie akiwa mmoja wao. Baadaye wakatoa SOMA 2015, hadithi kali mno ila madude yake ya kawaida tu, halafu 2020 wakaja na Amnesia: Rebirth ambayo mimi binafsi niliona imezidi maongezi, unatembea unasikiliza, unatembea unasikiliza, kila ukitaka kucheza unasimamishwa upewe kumbukumbu. The Bunker ilitoka tarehe 6 Juni 2023 na inaonekana kabisa walikaa wakaambiana jamani tumeongea vya kutosha, sasa tumwachie mchezaji afanye kazi. Hadithi ipo, nzuri tu, lakini imekaa kwenye makaratasi na picha unazookota, hutaki kusoma husomi, na hakuna anayekushika mkono.

Wewe ni Henri Clément, askari wa Kifaransa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwanzo uko juu kwenye mitaro, matope, mabomu yanadondoka, humo humo ndiyo unafundishwa kuinama, kuchungulia pembeni, kupiga risasi, unamtafuta mwenzako Lambert, kisha kishindo kimoja na giza. Unaamka kitandani ndani ya handaki la jeshi chini ya ardhi, hakuna daktari, hakuna mtu, damu ukutani. Maafisa walishaondoka na wakalipua njia ya kutokea ili kile kilichomo humo kisitoke, na wengine wote waliobaki ndani wakawa chakula. Kazi yako moja tu toka mwanzo mpaka mwisho: tafuta baruti, tafuta na mpini wa kuilipulia, fungua njia, ondoka. Hiyo ndiyo gemu nzima. Jinsi ya kufika huko utajua mwenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa tuje kwenye jenereta maana jenereta ndiyo mhusika mkuu, Henri msindikizaji tu. Katikati ya handaki kuna ofisi ambayo ndiyo kituo chako, ina milango ya chuma, sanduku la kuhifadhia vitu, ramani kubwa ukutani, na chumba cha pembeni kuna jenereta. Ukiitia petroli ikaunguruma, taa za handaki zinawaka (sehemu nyingine inabidi ukawashe swichi mwenyewe) na lile dude linapunguza kutembea tembea hovyo, halipendi mwanga. Petroli ikiisha taa zinafifia zinazima, na hapo linatoka kwenye mashimo ya ukuta linaanza kupita kwenye korido kama kwake. Aliyekulia nyumba yenye jenereta anaijua hii, ile kukaa sebuleni watu wanaangalia mpira lakini sikio moja liko nje linasikiliza kama mlio umebadilika, ikikohoa kidogo tu wote mnatazamana nani ana hela ya lita mbili. Hawa Waswidi sijui nani aliwasimulia lakini wameipatia barabara.

Na wakaona haitoshi wakakupa saa ya mfukoni. Unailinganisha na jenereta, halafu kila ukiitoa inakuonyesha petroli imebaki ya muda gani. Ubaya wake ni kwamba ukishakuwa nayo huwezi kuacha kuitazama. Niko zangu ghala la mbali natafuta mkasi wa kukatia minyororo, naitazama, ipo ya kutosha, naingia chumba cha ndani, naokota karatasi nasoma, naitazama tena, aah imekwenda, nirudi au nimalizie hiki chumba kimoja? Hicho "chumba kimoja" ndicho kinachoua watu. Kila safari inakuwa na mahesabu ya kwenda na kurudi, siyo kwenda peke yake, na gemu chache sana nilizocheza zinakufanya uogope njia ambayo umeshapita na unajua haina kitu. Hapa unaiogopa, kwa sababu ulipopita kulikuwa na taa.

Petroli yenyewe unaiokota kwenye makopo, makubwa na madogo, yametapakaa huko na huko, na hiyo hiyo ndiyo inatumika kutengeneza chupa ya moto ya kurusha. Kwa hiyo kila kopo ni mjadala. Niwashe taa kwa muda kidogo au niwe na silaha ya kulifukuza dude mara moja? Vitambaa vivyo hivyo, unafungia kidonda au unafanyia utambi wa chupa. Begi nalo dogo, mwanzoni lina nafasi chache za kukera, ukiokota mifuko ya nyongeza linapanuka lakini halitoshi hata siku moja, unasimama juu ya bomu la mkono ambalo umelitafuta saa nzima unaangalia nini utupe. Mimi napenda sana hiki kitu. Najua wapo wasiopenda, wanaona ni usumbufu wa kupanga mizigo, sawa, lakini toa hilo na hofu yote inaondoka nalo.

Kusevu ni sehemu moja tu. Kuna taa ya chemli mezani pale ofisini, unaigusa, umesevu, kwisha. Hakuna kusevu kwenye menyu, hakuna ile ya kujisevu yenyewe ukipita mlango. Maana yake ukienda mbali ukapata kitu cha maana, hicho kitu bado si chako mpaka ukifikishe nyumbani. Nimeona watu wanalalamika kuhusu hili na nawaelewa, kupoteza nusu saa ya kazi kunauma, lakini hebu fikiria ungekuwa unasevu kila baada ya hatua mbili, yale mapigo ya moyo ukiwa umebeba vifaa vyote na saa inaonyesha petroli imebaki kiduchu yangetoka wapi? Huwa wala sikimbii, natembea taratibu nimeinama kwenye korido ndefu, naona mlango wa ofisi ule pale, na nasikia juu ya dari kitu kinanifuata kwa mwendo wangu uleule.

Tochi. Hii tochi walioibuni wana roho mbaya. Haina betri, ni ya dinamo, ina kamba, unaivuta inachaji, inawaka muda mfupi inafifia, unavuta tena. Na kila ukivuta inapiga kelele krrr, krrr. Dude linasikia. Kwa hiyo gizani una uchaguzi wa kuona au wa kusikika, huwezi kupata vyote. Ukizoea unajifunza kuvuta mara moja fasta ukiwa kwenye kona, unaisoma korido kwa sekunde chache, unaikariri, unazima, unaenda kwa kumbukumbu unapapasa ukuta. Kuna wakati nimesimama gizani totoro nasikia linapumua, sijui liko mbele au nyuma, na kidole kiko kwenye kitufe cha tochi nabishana na nafsi yangu. Gemu za vitisho zenye tochi ziko nyingi, Outlast ya 2013 ilikuwa na kamera inayokula betri na yenyewe ilikuwa safi, lakini betri ni mzigo tu unaisha au hauishi. Hii inakufanya wewe mwenyewe upige kengele ya kuitia kifo chako.

Dude lenyewe sasa. Liko moja tu, halina ratiba, halitokei mahali palipopangwa (ukiacha sehemu chache za hadithi). Linaishi ndani ya kuta na linatoka kwenye mashimo yaliyo kila mahali, na linakuja kwa sauti. Ukikimbia linasikia, ukibamiza mlango linasikia, ukivunja mlango kwa tofali linasikia, risasi ndiyo usiseme. Kabla halijatoka unalisikia likitembea ndani, mchanga unadondoka, linanguruma, na ukiwa na hedifoni nzuri unaweza kabisa kujua liko upande gani. Tafadhali chezeni na hedifoni. Spika za laptopu zinaiharibu hii gemu, sauti ndiyo macho yako humu ndani, na sauti wameitendea haki kupita kiasi, mabomu ya vita huko juu yanatikisa handaki kila mara, taa zinapepesa, na huwezi kujua kama ule mtikisiko ni bomu au ni mwenyewe anakuja.

Wenye kumbukumbu ya gemu ya Alien: Isolation ya 2014 wataona undugu, dude moja linalowinda, unajificha chini ya vitu unashika pumzi. Tofauti ni kwamba Isolation ni ndefu mno, mpaka mwisho ushachoka, na ile kule kifaa chako cha kulitambua dude kinakupa namba na nukta za kuangalia. Huku hakuna nukta. Unasikiliza.

Na una bastola! Kwa mara ya kwanza kwenye ukoo wa Amnesia umepewa silaha toka mwanzo, na wengi tulipoona matangazo tulisema basi wameharibu, itakuwa gemu ya kupigana. Walahi hawakuharibu, wameifanya bastola iwe sehemu ya mateso. Risasi ni za kuhesabia kwenye vidole. Ukitaka kujua zimo ngapi hakuna namba kwenye skrini, unashikilia kitufe Henri anafungua silinda unaziona kwa macho, na kujaza ni moja moja, kwa mikono inayochelewa wakati dude linakuja. Ukilipiga halifi. Linaumia, linarudi kwenye shimo, unapata muda wa kupumua, kisha linarudi. Halafu risasi hiyo hiyo ungeweza kuitumia kupasua kufuli la mlango ambao una vitu, kwa hiyo hata ukiwa salama unaitazama bastola unaona bei yake. Baadaye kuna mabomu ya mkono, mabomu ya gesi, miali ya mwanga ya kurusha, na zana nyingine sitaki kuzitaja zote, lakini hakuna hata moja itakayokufanya ujione komando. Kilichonifurahisha ni kwamba bastola ikiwa na risasi moja inatisha kuliko ikiwa haina kitu, maana ukiwa huna kitu unakimbia tu, ukiwa nayo moja inabidi uamue.

Halafu uhuru. Hapa ndipo wamewazidi wenzao wengi. Mlango wa mbao umefungwa? Tafuta ufunguo, au upige tofali mpaka upasuke, au urushe bomu, au (hii niliigundua nikacheka peke yangu usiku) simama mbele yake ukiwa na dude nyuma, ukwepe, liuvunje lenyewe. Mitego ya nyaya iliyounganishwa na mabomu kwenye korido, ambayo waliitega askari wenyewe kwa wenyewe, unaweza kuitegua ukachukua bomu, au ukaiacha pale pale kwa ajili ya anayekufuata. Ukitokwa damu unaacha alama chini, na damu humu ndani si kitu cha kuchezea. Gemu haikwambii mengi ya haya. Inakwambia tu mwanzoni kwa maneno machache kwamba ukidhani kitu kinawezekana pengine kinawezekana, jaribu. Na kweli, mara nyingi nilijaribu ujinga na ujinga ukakubali.

Ramani iko ukutani ofisini tu, hubebi. Hiyo nayo ni ya makusudi, unaikariri kabla ya kutoka, mabweni ya askari kushoto, ghala huku, ghala la silaha kule, jela, kanisa dogo, mpaka huko chini kabisa kwenye mahandaki ya zamani ya Kirumi ambayo sitasema kitu ila kwamba beba kila ulicho nacho. Mara ya kwanza nilipotea kila safari, baada ya muda nikawa napita gizani bila tochi najua hapa kuna ngazi, hapa kuna pipa, hapa usikanyage. Handaki ni dogo kiasi kwamba unalijua kweli kweli, na kulijua hakukupi amani kwa sababu kinachobadilika ni taa na mahali dude lilipo.

Na vitu navyo vinabadilika. Makabati ya chuma yana namba za siri, namba ziko nyuma ya vibati vya majina vya askari waliokufa, kwa hiyo inabidi uitafute maiti, ukigeuze kibati, uisome namba, urudi mpaka kwenye kabati lenye jina lake. Ukianza gemu upya namba ni nyingine, mahali pa vitu pengi ni pengine, mitego imehama. Kwa hiyo kwenda mtandaoni kuchungulia namba hakusaidii chochote, na hilo tu nawapa maua yao. Hao askari nao unaanza kuwajua, huyu alikuwa anamdai mwenzie, yule aliandika barua haikutumwa, huyu alificha kitu kwenye kabati hakutaka mkubwa wake ajue. Hakuna mtu anayekusimulia, unaunganisha mwenyewe kwa kufungua makabati yao, na siku unafungua kabati unakuta picha ya familia na risasi moja, unachukua risasi.

Panya. Wapo, wakubwa, wanakaa kwenye maiti wanakula, ukipita karibu wanakuuma na ukiwa una kidonda ndiyo kabisa. Unawafukuza kwa moto, au unaichoma maiti wasirudi, na hiyo ni petroli tena. Wazo zuri, utekelezaji ndiyo siuelewi, mara wanakuachia unapita mara wanakurukia bila sababu, na jinsi wanavyotembea haipendezi kuangalia. Sehemu dhaifu hii.

Udhaifu mwingine, maana siwezi kusifia tu. Lile dude, kama nilivyosema, ni zuri likiwa linasikika na kivuli. Likikukamata uso kwa uso unaona ni dude la gemu, na ukifa mara nyingi mfululizo sehemu moja hofu inageuka kuwa hasira, unaanza kucheza kihuni, unakimbia tu ufike. Nikifika hapo huwa nazima naenda kulala, siku nyingine hofu inakuwa imerudi, lakini si kila mtu ana subira hiyo. Kuna nyakati pia linaganda juu yako, yaani limekwishaondoka halafu baada ya kidogo liko hapo hapo, ukiwa umejificha chini ya meza unangoja, unangoja, petroli inaungua, na hakuna unachoweza kufanya, pale nilihisi siwindwi tena bali nimefungiwa. Wengine wataniambia ndiyo vita ilivyokuwa. Sawa.

Kufungua milango na makabati ni kwa kushika na kuvuta kwa maus, ndiyo desturi ya Frictional tangu zamani, na inapendeza sana ukichungulia mlango taratibu kwa upenyo mdogo. Kwa pedi (kile kidude cha vitufe cha kushika mikononi) haipendezi. Nimejaribu kwa rafiki yangu mwenye mashine ya gemu ya PS4, droo zinapigana na wewe, ukiwa na haraka Henri anashika kikombe badala ya ufunguo. Inachezeka, ila kama una njia ya kuicheza kwenye kompyuta icheze huko. Grafiksi nazo ni za kawaida, watu wenyewe (wachache wanaoonekana) wana sura za gemu za zamani, lakini giza linaficha mengi na mwanga wameupanga vizuri mno, na faida yake kubwa ni kwamba haihitaji mashine ya kutisha. Laptopu ya kawaida yenye kadi ya grafiksi ya miaka mingi nyuma inaisukuma ukishusha vitu viwili vitatu kwenye mipangilio. Kwa sisi ambao gemu mpya tunaziona kwenye YouTube tu kwa sababu kadi ni bei ya bodaboda, hili ni jambo.

Urefu ni mfupi. Mara ya kwanza ukiwa unapapasa itakuchukua masaa matano, sita, saba ukiwa mwoga zaidi. Bei kamili ni dola 24.99 na wapo watakaosema kwa masaa hayo ni ghali. Mimi naona urefu ndiyo sahihi, ingekuwa masaa kumi na tano ingekufa kama Isolation ilivyokufa mikononi mwangu, ila ukweli ni kwamba Steam (duka la gemu mtandaoni) wanaishusha mara kwa mara na ukiwa huna haraka subiri punguzo. Na uhai wa pili upo. Oktoba 2023 waliongeza bure namna mpya ya kucheza inaitwa Shell Shocked, pamoja na sehemu ya kujipangia ugumu mwenyewe. Shell Shocked imevuruga vitu zaidi, hata yale uliyoyazoea hayako ulipoyaacha, na ukishakuwa umejisifu kwamba handaki unalijua ndiyo inakuja kukunyoosha. Kujipangia mwenyewe ni kuzuri kwa wale wa kulalamikia kusevu na begi, punguza makali uendelee, hakuna atakayekuja kukuuliza.

Mwisho wa hadithi siusemi. Nitasema tu kwamba kama ulisoma makaratasi utaondoka na kitu tofauti na aliyekimbilia mlango, na kwamba lile dude ukishajua ni nini, hiyo bastola inakuwa nzito kidogo. Ila mapambano yenyewe ya mwisho siyo kitu, yanapita fasta na yanatoka kwenye mtindo wa gemu, baada ya masaa yote ya kunyata ghafla unaambiwa fanya hivi, kimbia hapa. Ningependa wangeniachia nipange mwenyewe kama walivyoniachia kila kitu kingine.

Nani asicheze: mtu anayetaka kupiga madude, mtu asiyevumilia kurudia njia, mtu anayecheza huku anachati. Na kama una tatizo la sehemu finyu na giza, kaa mbali kabisa, siyo utani, korido zake zinabana hata wasio na shida hiyo. Waliobaki wote, hasa waliosema gemu za vitisho zimekufa, hii ni yenu.

Vidokezo vichache kwa anayeanza. Mafuta ya kwanza usiyafuje kwa kukaa ofisini unapanga begi, panga kabla ya kuwasha. Ukitoka tazama ramani uamue unakwenda wapi na utarudi kwa njia gani, ukiongeza kituo cha pili njiani ushakosea. Matofali yaokote, ni bure na yanavunja, yanarushwa kulipeleka dude upande mwingine, watu wanayadharau. Milango ifunge nyuma yako kila unapopita hata kama una haraka, haitalizuia lakini utausikia unavunjwa, na hiyo sauti ndiyo inakupa muda. Kibati chochote ukikiona kigeuze. Na ugumu anza na ule wa kawaida, rahisi unaondoa presha na mgumu utakukatisha tamaa kabla hujajua hata swichi ziko wapi.